Posa ya Atorni Salvaleon

Kathambi hakumpenda yule mzee tangu aliposhuka kwenye gari, na sababu aliijua: alikuwa amejitayarisha mno. Mgeni wa kawaida hukosea jambo. Hupotea akapiga simu kutoka Malvern, mtaa wa pili, au humwita mtu jina la mwingine. Atorni Teodulo Salvaleon, wakili na gavana wa mkoa, alikuwa ametoka Ufilipino juzi tu, lakini alifika Kensington, Johannesburg, saa nane mchana kama walivyopatana, akavua kofia langoni, akamwita "Mama Jennifer" kama Wakenya wanavyoitana, kisha akaomba aonyeshwe picha ya Moffat, marehemu mume wa Kathambi. Akasimama mbele ya picha ameinamisha kichwa, midomo ikisali. Hata ugonjwa uliomuua Moffat aliujua.

"Ameomba dua kabla ya kuomba maji," Jeff alimnong'oneza dada yake kwa Kiswahili. "Eish, huyu mzee ni sharp."

"Hiyo ndiyo inanitisha," Kathambi akajibu.

Kwao Meru alikua akiwaona watu wa namna hiyo. Mwanasiasa hakosi matanga. Hulia kuliko wafiwa, halafu huomba kipaza sauti. Na kazi yake katika benki, hapa Johannesburg, ilikuwa ni kuwanusa watu haohao: mwanasiasa, mke wake au shemeji yake hakufunguliwa akaunti kabla Kathambi hajauliza mali imetoka wapi. Kazi hiyo ilimpa macho yasiyojua kupumzika. Marafiki walimtania kwamba hata sadaka ya kanisani huuliza inakokwenda. Yeye hakuona utani wowote hapo, maana kweli aliuliza.

Lakini leo haikuwa benki. Leo aliyeombwa ni Jennifer, mtoto wake wa pekee, ndiye aliyebaki naye tangu Moffat aondoke. Kijana mwenyewe, Rommel, mwana wa mzee huyo na mhandisi wa majengo, hakuwa na neno. Kathambi alimpenda, ingawa hakuwahi kumwambia. Kwa desturi ya kwao Ufilipino, kijana haoi mpaka wazazi wake waende nyumbani kwa msichana wakiwa na chakula mikononi, wakae, waombe. "Kumbe ni kama sisi tu!" Jeff alikuwa amesema aliposikia, na papo hapo akajifanya msemaji wa upande wa bibi harusi.

Mama yake Rommel alikuwa amefariki, kwa hiyo mzee alikuja na mtu mmoja tu, Dodong, msaidizi wake mwenye shingo nene. Ndiye aliyeingia na nguruwe mdogo mzima, amechomwa mpaka ngozi inang'aa, akamweka mezani karibu na mukimo wa Kathambi, viazi vilivyopondwa na mahindi. Kisha akaketi kando ya mlango na simu yake, na kila baada ya muda akapiga picha.

"Hizo picha zinakwenda kwa nani?" Kathambi alimwuliza Rommel.

"Kwa watu wa chama, Mama. Nyumbani." Rommel akacheka kwa haya. "Baba akipiga chafya wanataka kujua."

Basi wakala. Na Jeff, ambaye mdomo wake hauna breki, akamwomba mzee asimulie maisha yake.

Mzee hakubembelezwa. Alianzia mwaka aliotoka chuo cha sheria akarudi mkoani kwao kuwatetea wakata miwa, ambao walimlipa kuku, mpaka mkewe Luz akamwuliza kama ameolewa na wakili au na mfugaji. Mwenye shamba alipotuma watu wa kumtisha, wakata miwa walikuja na mapanga yao wakalala barazani kwake. Kutoka hapo akaingia baraza la mkoa, akawa naibu gavana, akawa gavana. Alizika watu, alisimamia harusi, na wana wa ubatizo alikuwa nao wengi hata asingeweza kuwajua barabarani. Alijenga daraja, kimbunga kikalibeba. Akajenga la pili, nalo likabebwa. Na watu wakamchagua tena kwa ahadi ya daraja la tatu. Jeff alicheka hadi akashika meza. Kathambi naye alicheka, kisha akajikasirikia kwa kucheka.

"Sheria yetu," mzee akaendelea, "gavana hukaa mihula mitatu mfululizo, basi. Lazima ampishe mwingine. Kwa hiyo nilipomaliza yangu mitatu, Luz akakaa."

"Luz mke wako?" Kathambi akauliza.

"Mke wangu. Muhula mmoja tu. Akanipisha, nikarudi kwa mitatu mingine. Nilipomaliza, akakaa ndugu yangu Nestor. Alikuwa daktari mjini Manila, ikabidi arudi nyumbani mwaka mzima kabla ya kura, maana sheria inataka mgombea awe ameishi mkoani mwaka mmoja. Mwaka mmoja kamili, Mama Jennifer."

Kathambi akaacha kutafuna. "Na Nestor alikupisha?"

"Nestor hakumaliza. Alipigwa risasi mlangoni mwa kanisa."

Rommel akatazama sahani yake. Dodong akashusha simu. Mzee akanyoosha mkono achote mukimo zaidi, akiusifu, na kijiko kikagonga ukingo wa bakuli mara mbili kabla ya kuingia.

"Pole sana," Kathambi akasema. "Na sasa uko muhula wa ngapi?"

"Wa tatu," mzee akamjibu, akimtazama moja kwa moja. "Unaisha mwakani, baada ya kura ya mwezi wa tano."

Walipofika kwenye lililowaleta, mzee alisimama, akaomba kwa adabu mpaka Jeff akalengwalengwa na machozi. Alimtaka Jennifer awe binti yake. Alitaka harusi ifanyike kabla ya Pasaka. Na kitu kimoja kidogo zaidi: bibi yake Rommel alikuwa amezeeka hajiwezi, hivyo vijana wakishaoana waende wakakae naye kule nyumbani, mwaka mmoja tu.

"Mwaka mmoja ni nini!" Jeff akasema.

Kathambi akaanza kuhesabu. Mke alikaa, ndugu alikaa. Mke amekufa, ndugu ameuawa, na muhula wa tatu unaisha. Aliyebaki ni nani? Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na huyu alikuwa amekuja polepole mpaka Kensington na nguruwe wake, kumfuata mtu wa kumweka kitini. Na mke wa mtu huyo angeketi pembeni yake kanisani, karibu na mlango.

"Mum, tafadhali," Jennifer akasema kwa Kiingereza, kwa kuwa aliuona uso wa mama yake. Kiswahili alikisikia chote, lakini kukisema alikuwa mvivu. "Tumeshakubaliana. Mimi nataka kwenda."

Kathambi akakusanya sahani, akaenda jikoni kabla hajasema neno la kujutia.

Hakuwa hata ameziweka chini alipomsikia mzee nyuma yake, amebeba bakuli la mukimo kwa mikono miwili. Mgeni, tena mwanamume, tena gavana, anaingia jikoni kwa mama wa bibi harusi! Kule mezani Jeff alikuwa akimwita arudi akae. Mzee akaweka bakuli, akafungua bomba la sinki mpaka mwisho, maji yakapiga kelele.

"Unataka kumweka Rommel kitini," Kathambi akamwambia. Hakuwa na subira tena. "Bibi mgonjwa ni kisingizio. Unataka akae mwaka ili agombee, akushikie kiti mpaka urudi. Kama ndugu yako."

"Nilidhani utachelewa zaidi kuliona," mzee akasema. "Rommel aliniambia mama mkwe wake haamini mtu. Nikasema, asante Mungu."

Kathambi akamkodolea macho.

"Nimesimulia yote yale kwa ajili yako, Mama Jennifer. Kaka yako ningemtosheleza kwa kuku na daraja." Sauti yake ilikuwa imepoteza asali yote. "Kataa. Nenda pale mezani ukatae mwaka huo. Harusi ifanyike, waishi hapa, wazae hapa. Usimwache mwanangu aende."

"Ni mwanao. Mkataze mwenyewe."

"Anataka yeye. Tangu utotoni anataka. Nikimwambia usije, atajua naogopa, naye atakuja kunionyesha kwamba yeye haogopi. Nestor alikuwa hivyohivyo. Na chama kinamtaka, hawana mwingine. Yule Dodong ni mtu wangu miaka mingi, lakini ni wao wanaomlipa. Wakijua nimemzuia Rommel, sina ulinzi kuanzia kesho. Bila Jennifer haendi, hilo ameapa. Na Jennifer haolewi bila baraka yako."

Kathambi alimchunguza kama anavyowachunguza wateja wake, macho kwanza, kisha mikono. Ingekuwa rahisi kuamini. Ingekuwa rahisi vilevile kwamba huu ni mtego wa pili ndani ya wa kwanza, kwamba kuna faida fulani anayoipata akikataliwa ambayo yeye Kathambi haioni. Mtu aliyechaguliwa kwa daraja la tatu anaweza kulia popote apendapo.

"Kwa nini nikuamini?"

"Usiniamini," mzee akasema. "Sikuombi hilo. Nakuomba uende ukaseme mbele ya watu kwamba huniamini. Si ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Akafunga bomba, akajifuta mikono, akatoka.

Hakuketi. Alisema kwa Kiingereza, wasikie wote, kwamba amempokea Rommel kwa moyo mweupe na harusi anaitaka. Lakini itafanyika Johannesburg, na vijana wataishi Johannesburg. Binti yake hatakwenda kukaa kule mwaka, wala mwezi. Wakienda, waende bila baraka yake.

"Dada," Jeff akasema kwa Kiswahili, "una nini? Wageni hawa!"

Na hapo ndipo Atorni Salvaleon alipoanza kazi yake. Uso wake uliporomoka. Alimsihi Kathambi. Alimtaja bibi kizee aliyekaa dirishani akingoja. Alimtaja Luz, aliyekufa akitamani kumwona mwanawe akirudi nyumbani. Sauti ilimkatika mahali panapostahili kukatika, chozi likashuka, na Dodong pale mlangoni akanyanyua simu, akarekodi. Alisihi vizuri mpaka Kathambi mwenyewe akababaika akaanza kujiuliza kama ile sauti ya jikoni aliisikia kweli. Jeff alikuwa tayari upande wa mzee. Jennifer alikuwa akilia.

"Unamnyima mwanangu nchi yake, Mama Jennifer," mzee akasema mwishoni, kwa uchungu. "Kwa sababu ya shaka tu. Mimi nimekukosea nini?"

Hayo hayakuwa ya lazima. Kathambi aliona hivyo, damu ikampanda. Mzee angeweza kukomea kwenye chozi. Lakini mtu huyu hakujua kushindwa nusu. Ilimlazimu atoke humo akipendwa na kila mtu, na kwa hilo ilihitajika abaki mtu mmoja wa kuchukiwa.

"Hujanikosea," akasema. "Sikuamini, basi. Jibu langu ni hilo."

Rommel akasimama. Alikuwa amepauka, na kwa muda alionekana mdogo, kama kijana aliyeona jina lake halipo kwenye orodha ya waliofaulu. Akamgeukia Jennifer, akamgusa bega.

"Basi tutabaki," akasema.

Kisha akamshika baba yake mkono, akamwinua, akamvalisha kofia. Alifanya hivyo kwa upole ambao Kathambi hakuwahi kumwona nao, na mzee akamwegemea kwa uzito wote. Walipopita mlangoni Kathambi alimtazama mzee usoni akitafuta ishara, hata kope tu. Hakupata chochote. Mzee alipita kama anayepita nyumba ya jirani waliyekosana.

"Asante kwa chakula, Madam," Rommel akasema. Kwa mwaka mzima alikuwa akimwita Mama.

Jeff aliwasindikiza hadi kwenye gari, akiwaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Jennifer alibaki amesimama karibu na meza, nguruwe hajaliwa hata nusu.

"Umefurahi sasa?" akauliza, na safari hii alisema Kiswahili, kwa shida, ili kila neno limfikie. "Kila mtu kwako ni mwizi. Yule mzee amelia mbele yako."

Kathambi akafungua mdomo. Maneno yalikuwapo, yote: bomba la maji, Nestor, mlango wa kanisa. Jennifer akiyasikia, Rommel atayasikia kabla gari halijavuka robot, taa ya kwanza ya barabarani. Na Rommel akijua baba yake amemwogopea, atapanda ndege.

"Sijafurahi," akasema.

"Kwa nini, basi? Nipe sababu moja."

"Sitaki uende. Nataka ukae hapa na mimi."

"Baba angekuwa hai asingenifanyia hivi."

Kathambi alitaka kumshika. Jennifer alirudi nyuma hatua moja, akachukua funguo za gari mezani, akawafuata wageni, mlango akauacha wazi.

Jeff aliporudi alimkuta dada yake ameketi, akitazama mahali alipokaa mzee.

"Lakini kweli, dada," akasema taratibu, "umeona nini kwa yule mtu ambacho sisi hatukukiona?"

"Sijui," Kathambi akamjibu, na machozi yakamtoka. "Sikumwamini tu."