Fifi Peke Yake

Mwaka ule wa kwanza wa soko huria, watu wa Dutwa tulishangilia kama wajinga. Ushirika ulikuwa umetuchosha kwa kukawiza malipo, tukadhani wenye malori binafsi watatupa hela mkononi, tena bei juu. Mkononi walitupa kweli. Bei ndiyo iliyotutoa machozi.

Mimi Nyanjige nilivuna magunia manne ya pamba nyeupe na mawili ya fifi, yaani ile ya njano, iliyoharibiwa na wadudu. Kuitenga ni kazi yetu wanawake na watoto: mnakaa kwenye turubai mnachambua mpaka vidole vinachubuka. Binti yangu Jenifer alichambua akijua hiyo ndiyo ada yake. Alikuwa amerudishwa kutoka sekondari, na asipolipa Jumatatu nafasi inakwenda kwa mwingine. Baba yake, Luhaga, alikuwa kitandani anaumwa. Sukari ya chai tulishaisahau.

Ijumaa kwenye mzani, mnunuzi mmoja aitwaye Marcelo alitangaza bei moja kwa pamba yote, na bei yenyewe ni ya fifi. Nyeupe yangu hakuitazama hata.

"Pamba ni pamba, mayu. Changanya, upime."

Mwanangu achubuke vidole, halafu nichanganye?

"Sawa," nikamwambia. "Kama bei ni moja, nakuuzia fifi. Nyeupe inarudi nyumbani."

Akacheka, akapima, akalipa. Hela ilitosha chumvi, mafuta ya taa na dawa ya Luhaga. Ada, wapi! Jirani yangu Masele, aliyenifuata kwenye foleni, alinilaumu kwamba namponza mtoto kwa kiburi. Kisha akayatazama magunia yake, akayatenga, naye akauza fifi tu. Aliyemfuata akafanya hivyo hivyo. Jioni lori la Marcelo liliondoka na njano tupu.

Jumamosi Jenifer alikunja sare yake akaiweka juu ya magunia. Niliogopa, siwezi kudanganya, lakini kuchanganya sikuchanganya.

Jumapili asubuhi tulipotoka kanisani tulimkuta Marcelo uani kwetu. Kiwandani walikuwa wameukataa mzigo wake. Alinisalimia mwangaluka kwa upole ambao sikuujua kwake, akanisogelea na kuninong'oneza kwamba atanilipa bei ya pamba nyeupe, mradi nisimwambie mtu.

Jenifer alikuwa mlangoni anasikia yote. Alinitazama. Nilijua anachoniomba, na moyo uliniuma.

"Bei hiyo ni ya wote," nikasema. "Anza kwa Masele. Mimi nitapima wa mwisho."

Marcelo alirudi kwenye lori, akakaa humo muda mrefu bila kuliwasha. Mwishowe akatoa kichwa dirishani, akauliza kwa Masele ni wapi.

Jenifer akapanda kumwonyesha njia.