Saa ya New York

Whit Sanderlin alipiga simu saa tisa na dakika ishirini alasiri. Kabla meneja huyo wa timu yetu ya mpira wa kikapu hajasema neno, nilisikia barafu ikigongana ndani ya glasi yake.

"Everett, mwache Odell, atoke timuni."

"Leo?"

"Si leo ndiyo mwisho? Nimezipigia timu zote, hakuna inayomtaka. Tuma karatasi."

Saa yangu ya mkononi ilisema kumi na dakika ishirini. Haikuwa mbovu. Sisi tulikuwa St. Louis, lakini ofisi ya ligi iko New York, ambako wametutangulia kwa saa moja, na kila mwisho wa muda huhesabiwa kwao. Kwa hiyo miaka kumi na tisa nilivaa majira ya New York. Vijana wa ofisini wenye shahada zao walinitania: "Mzee Lomax, huko kwenu mmeshakula chajio?" Niliwaacha wacheke. Kusoma mikataba nilijifunza shule ya jioni, miaka minane, baada ya kushinda mchana kutwa nikiuza tiketi kwenye kidirisha cha uwanja. Sikuwahi kuchelewesha karatasi hata moja.

Karatasi ya Odell Grady nilikuwa nimeshaiandaa tangu asubuhi. Mkataba wake ulisema hivi: ikifika saa kumi na moja jioni ya Juni thelathini, saa za New York, naye bado ni mchezaji wetu, basi dola milioni mbili za mwaka unaofuata ni zake, hata asipogusa mpira. Akiachwa kabla, hatumdai wala yeye hatudai. Ligi ina kikomo cha mishahara, na Whit alitaka nafasi hiyo kwa mchezaji mwingine, mwepesi, mwenye magoti mazima.

Juni ile nilikuwa nimeshawaacha wanne. Mtu mrefu kuliko mlango wangu huondoka kwa mstari mmoja na sahihi. Nilikuwa nimechoka, si kwa wingi wa kazi. Nilichoka kama bawaba ya mlango.

Miaka miwili kabla ya hapo, kwenye mechi za mchujo, nilimwona Whit akipiga magoti na suti yake katika chumba cha kubadilishia nguo. Goti la Odell lilikuwa limevimba kama boga.

"Kaka, nipe leo tu," Whit alisema. "Leo tu. Sitakusahau."

Odell akachomwa sindano ya ganzi, akacheza dakika arobaini, tukashinda. Goti halikurudi tena lilivyokuwa.

Mashine ya faksi ilikaa kwenye korido, mkabala na chumba cha matibabu. Mlango ulikuwa wazi. Odell alikuwa mle peke yake, kwa kuwa ligi ilikuwa likizoni, mfuko wa barafu gotini.

"Bwana Lomax! Leo umembeba nani?"

Niligeuza karatasi, maandishi yakatazama chini.

"Mbona unaficha kama mtihani?" Alicheka, kisha akaacha. "Ni mimi?"

Nikaibana karatasi kifuani.

"Haya. Wewe sikulaumu, wewe tarishi tu. Ila goti hili linajulikana mpaka Ureno. Nikitoka hapa, hakuna wa kuniita." Akaigeuza barafu upande wa pili. "Whit alisema hatanisahau. Na kweli, hajanisahau."

Tarishi. Nilirudia neno lile moyoni. Saa yangu ilisema kumi na dakika thelathini na tano. Nikavuta kiti, nikaketi.

"Hutumi?"

"Ngoja nipumzike kidogo."

Tukazungumza juu ya kambare wa mtoni, kama wakaangwe kwa unga wa mahindi mweupe au wa njano. Yeye alitetea mweupe, kwa ukali. Mkono wangu ulikuwa juu ya goti langu, saa ikitutazama sote wawili. Mshale mrefu ukafika juu, ukapita. Nikangoja robo saa nyingine, kisha nikainuka, nikatuma.

Jibu la ligi lilikuwa mstari mmoja: imechelewa.

"Dakika kumi na tano!" Whit alipiga kelele kwenye simu. "Wewe, Everett! Wewe!"

"Nilitazama saa ya ukutani, ya hapa St. Louis."

Barafu haikulia.

"Nimezeeka, bwana," nikamwambia.

Sijapata kusema uongo ulionigharimu kuliko huo. Vijana waliacha kunitania. Walianza kunisaidia kusoma tarehe, kwa sauti ya upole, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Odell alicheza michezo kumi na mmoja tu mwaka ule, akikimbia kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Alilipwa mpaka senti ya mwisho.

Majira ya kuchipua walinistaafisha, wakakata keki. Whit alitoa hotuba, akalitaja kosa langu kwa mzaha, watu wakacheka kwa adabu. Odell akaja akichechemea, akanishika kifundo cha mkono, akakifunika na saa yangu ndani ya kiganja chake kikubwa.

"Saa ngapi, Bwana Lomax?"

Nikamtajia ya New York.