Mipira Kumi na Minne ya Ondrej Hudak

Sikufichi, timu yetu ilikuwa mbovu. Mwaka ule wa 1944 vijana wote wenye magoti mazima walikuwa vitani, na waliobaki kuvaa jezi ya Nyundo wa Brannock, timu ya besiboli ya mji wetu, walikuwa wa kuokoteza: mrushaji aliyeona kwa jicho moja, kinyozi wa Mtaa wa Tatu, ndugu wawili waliokataliwa jeshini kwa nyayo bapa, na mume wangu Ondrej, mzee wa miaka arobaini na minne, aliyeacha besiboli tangu mwanetu Emil anaota meno. Walimtoa kiwandani, kwenye tanuri la chuma, wakamrudisha uwanjani kudaka mipira nyuma ya mpigaji. Nikamwambia atavunjika kiuno. Akasema kiuno kilishavunjika tanurini, kilichobaki ni mazoea.

Basi tukafungwa. Tulifungwa nyumbani, tukafungwa ugenini, tukafungwa na timu ambazo nazo zilikuwa za kuokoteza. Kufika Septemba tulikuwa tumepoteza mechi tisini na sita, na watu walikuja uwanjani kututukana tu. Jirani yangu Pauline Dugan, ambaye Mungu alimpa mdomo akasahau kumpa kufuli, kila mechi alimwomba kinyozi wetu arudi dukani, ndevu za watu zinamsubiri.

Mimi nilikuwa na kazi yangu jukwaani, ya sanduku. Kabla ya vita, mpira ukiangukia kwa watazamaji, aliyeudaka ni wake. Vita vilipokuja ikawa haramu. Kila mpira unaoanguka jukwaani unarudishwa, unatiwa sandukuni, na sanduku likijaa linapelekwa kwa wanajeshi kambini wapate cha kuchezea. Ukiuficha mfukoni utazomewa mpaka getini. Nilikaa mstari wa mbele na sanduku langu la tufaha, na kila mpira ulipofika nilisimama, nikauinua juu, nikataja idadi. Watu walipiga makofi. Kwa timu yetu, hakikuwapo kingine cha kupigia makofi.

Sasa nieleze habari za Emil. Ndiye mtoto wetu wa pekee. Kiwanda alikofanya kazi na baba yake kilikuwa kimemwombea abaki, maana chuma nacho kilitakiwa vitani, lakini alikwenda kujiandikisha kwa mguu wake mwenyewe, ana miaka kumi na tisa. Ondrej alifiwa na kaka yake katika vita vile vya kwanza, na tangu hapo neno vita likitajwa anatoka chumbani. Akamwambia kijana, “Ukitoka mlango huu, usiniite baba.”

Emil akatoka. Stesheni nilikwenda peke yangu. Mume wangu alibaki uani akipasua kuni za kutosha miaka miwili. Tangu siku ile hakumtaja mtoto kwa jina. Barua zilikuja kwangu na nilizijibu mimi. Nilimkasirikia, na sioni haya kusema. Mwanamume mzima, anashindwa na neno moja.

Mwezi wa Julai ikaja barua kutoka Italia. Niliisoma mezani kwa sauti kubwa, makusudi, naye anakunywa supu yake ya kabichi. Emil alisema wameletewa mipira kambini, na mmoja una muhuri wa nyundo. “Mwambie mzee nimeutambua kuwa ni wake,” aliandika, “umechubuka ubavuni. Bado anapiga pembeni kama alipokuwa akicheza nami uani. Lakini tunaucheza kila jioni.”

Ondrej aliweka kijiko chini. Akaniomba nisome tena pale pa mpira. Nikasoma. Akaniomba tena, nikasoma mara ya tatu na supu ikapoa.

Kesho yake ndipo ugonjwa wake wa kupiga kando ulipoanza. Mchezo huu, mpigaji akikosa mara tatu anatoka. Lakini akiwa na makosa mawili, akaugusa mpira ukaenda kando jukwaani, hatoki. Anarushiwa mwingine, na mwingine, hata mpaka usiku. Ondrej hakuwa tena na nguvu za kupiga mbali, ila kuuparaza mpira uje kando aliweza. Siku hiyo alileta minne kwangu. Siku iliyofuata, sita. Kocha Teague, mtu wa kufura upesi, alimwuliza kama anacheza au anapanda viazi. Ondrej alijibu kwamba anaugusa mpira, na kwa timu ile kuugusa tu kulikuwa habari njema.

Hakuniambia kitu, wala mimi sikumwuliza. Ila kila tukirudi nyumbani alikuwa anavua viatu na kuuliza mingapi leo. Nikimwambia mitano, anatikisa kichwa, anakwenda kulala. Nilielewa kwamba ndivyo anavyomwandikia mwanawe. Hasira yangu ikanitoka, nikaanza kuinua mipira ile juu zaidi, nikiitaja mpaka koo linakauka.

Jumamosi kabla ya mechi ya mwisho aliniomba karatasi. Alisema kesho mechi ikiisha atamwandikia Emil mwenyewe. Kisha akakwama mlangoni.

“Barua inaanzaje, mama Emil?”

“Inaanza na ‘mwanangu’. Mengine yatajileta.”

Akairudia ile “mwanangu” polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Nikamwekea karatasi mbili na bahasha juu ya meza.

Jumapili alitoka mapema kwenda kufunga magoti bendeji. Mimi nilikuwa navaa kofia niliposikia teksi ya Clyde ikipanda kilima chetu. Mjini kwetu telegramu za jeshi, zile za habari za vifo, zilipelekwa na Clyde, na mwaka ule hakuna aliyependa kuisikia teksi. Nilisimama nyuma ya pazia nikiomba ipite. Mungu anisamehe, niliomba isimame kwa Pauline, mwenye watoto watatu vitani. Ilisimama kwangu.

Emil alikuwa ameuawa tarehe ishirini na moja Agosti. Majuma manne yalikuwa yamepita, na majuma yote hayo nimeinua mipira, nimepigiwa makofi.

Nilikwenda uwanjani. Sijui kwa nini. Nilijiambia nitamwita kabla mchezo haujaanza, nikafika nikamwona anacheka na kinyozi, nikashindwa. Nikasema moyoni, acha amalize, apate saa mbili zaidi za kuwa na mtoto. Karatasi ya telegramu niliikunja ndani ya glovu yangu ya Jumapili, ncha ikichungulia.

Mpira wa kwanza ulipoangukia jukwaani, sikusimama kuuinua. Pauline alinitazama usoni, kisha mkono wangu. Aliuchukua mpira akautia sandukuni. Kule uwanjani Ondrej alikuwa amechuchumaa nyuma ya mpigaji, kinyago usoni, ameelekeza kichwa kwetu.

Tulifungwa tena, bila shaka. Ilipofika zamu ya mwisho kabisa, Ondrej ndiye aliyebaki kupiga. Akikosa yeye, mechi imekwisha na msimu umekwisha. Alikosa mara mbili. Kisha akaanza.

Wa kwanza ukaja kando. Wa pili. Wa tano. Watu walimzomea, walitaka kwenda kula. Kocha Teague alivua kofia akaipiga chini. Wa nane, wa tisa. Mrushaji wao alikuwa anapangusa jasho na kumwangalia refa, na refa akainua mabega. Kufika wa kumi na moja zomeazomea ilikufa, maana walioketi karibu waliona kwamba yule mzee analia na bado anapiga. Mimi nilikaa. Pauline aliweka kila mmoja sandukuni polepole, akinong'ona idadi.

Baada ya wa kumi na nne mpira mwingine ukaja, mzuri, wa katikati. Ondrej hakuinua gongo. Akautazama ukipita, likawa kosa la tatu.

Hakwenda benchi na wenzake. Alikuja moja kwa moja kwangu, akaegemea ukuta wa jukwaa. Nikafungua mdomo.

“Subiri,” akasema. “Mingapi?”

“Kumi na minne.”

Akainamisha kichwa. Alinyoosha mkono akaugusa mpira mmoja sandukuni, ubavuni pale ulipochubuka.

“Mpira wa kwanza hukusimama,” akasema. “Nikajua. Nikasema, madhali bado nina gongo mkononi, mama Emil hawezi kuja kuniambia.”

Akanivua glovu yeye mwenyewe, kidole kimoja kimoja, akaitoa ile karatasi. Hakuifungua. Alinirudishia.

“Haya. Mkono umechoka,” akasema. “Niambie mwanangu amepatwa na nini.”

Nikamwambia.