Mshenga Aliyeionea Aibu Gemu

Habari hii nimeipata kwa Kokushubira, mke wa Rwezaura wa Omurushaka, juzi tulipokuwa tunapura maharage yake uani. Siku yenyewe alikuwepo, na mengine aliyasikia kwa mumewe chumbani, maana Rwezaura hawezi kulinyamazia jambo hata kama linamuumbua mwenyewe.

Rwezaura alikuwa mnunuzi wa kahawa zamani, na ulimi wake ulibaki uleule wa kumwambia mkulima kwamba kahawa yake ni takataka. Alipochaguliwa kuwa mshenga wa Cassian, mtoto wa marehemu kaka yake, alivimba kama chura. Jambo moja tu lilimkaa kooni. Cassian alikuwa afisa TEHAMA kwenye ofisi moja ya Kayanga, ana meza yake, ana kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Halafu akaacha. Akapanga chumba nyuma ya duka la mabati, akajifungia na kompyuta kutengeneza gemu.

"Magemu!" Rwezaura alilitema neno hilo kama ganda. "Mwanamume mwenye ndevu! Shule yote ile, ili watoto wa watu wakae wanabonyeza-bonyeza?"

"Baba mdogo, kule ofisini nilikuwa nachomoa karatasi zilizokwama kwenye printa na kuwakumbusha wakubwa pasiwedi zao."

"Lakini si ulikuwa unaitwa afisa?"

Asubuhi ya kwenda Kaisho kwa mzee Tumwine, mfugaji, kumposa binti yake Joviness, Cassian alimshika baba yake mdogo mkono kabla hawajapanda gari.

"Nakuomba, baba mdogo. Wakiuliza kazi yangu, waambie ukweli. Wakigundua tumewadanganya, Joviness nimemkosa."

Alikuwa na sababu ya kuomba, maana akishafika ukweni mposaji hana mdomo. Mshenga ndiye anayesema. Mshenga akisema kijana ana pembe, kijana anainamisha kichwa pamoja na pembe zake.

Rwezaura akacheka kwa puani. "Niachie mimi. Kazi yako wewe ni kuinama."

Kwa Tumwine walikuta nyasi zimetandikwa, wakakalishwa chini karibu na mlango. Pembeni alikaa Evaresta, shangazi wa binti, amepakata kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Wote waliijua maana yake. Kikifunguliwa na mposaji akatafuna, amekubaliwa. Kikirudishwa ndani na mfuniko wake, wageni wakatafute viatu vyao.

Na kama ilivyo desturi, wageni walisimangwa kwanza.

"Hawa ni kina nani?" Tumwine aliwauliza watu wake. "Wamekuja kuomba maziwa?"

"Tumekuja kwa heshima, mzee wetu," alisema Rwezaura.

"Na huyo aliyeinama, shingo inamuuma?"

"Ni adabu, mzee."

"Adabu tutaiona. Anafanya kazi gani?"

Rwezaura akakohoa. Kokushubira alimwona Cassian akizifumbata nyasi kwa vidole.

"Kijana wetu ni afisa TEHAMA. Afisa kabisa! Ofisi nzima haiwaki mpaka afike yeye."

"Mpaka leo?"

"Jana jioni nimemwacha mezani kwake."

Tumwine alivaa miwani, akatoa simu kwenye koti, akaibonyeza. Simu ikalia kama ng'ombe. Akamsogezea mshenga kioo. Ng'ombe wa pembe ndefu walikuwa wanapita kando ya migomba, mchungaji yuko nyuma yao. Mmoja akachepuka, akang'ata mgomba, na mkulima akachomoka na panga akamfukuza mchungaji mpaka gemu ikaisha.

"Hii aliniwekea binti yangu," alisema Tumwine. "Akaniambia, baba, Cassian ameacha ofisi, siku hizi anatengeneza hii. Nikasema waje, niwasikie. Sasa nieleze, bwana mshenga, huyu mkulima anayenifukuza kila siku ametengenezwa na afisa yupi?"

"Ofisi haiwaki!" alidakia Evaresta, na wanawake wa kule ndani wakaangua kicheko.

"Mzee, mimi nilitaka tu..."

"Ulitaka nini? Umeona kazi ya mwanao inanuka, ukaipulizia marashi. Mimi nanuka mavi ya ng'ombe tangu nizaliwe. Ungeenda kuniposea mimi, ungesema ni mkurugenzi?"

Evaresta akasimama na kikapu chake, akaelekea ndani.

Hapo Cassian akainua kichwa. Kokushubira anasema jambo hilo hajawahi kuliona ukweni.

"Shikamoo, baba. Najua sitakiwi kusema. Ofisi niliiacha, na sirudi. Kazi yangu ni gemu hiyo. Ukininyima Joviness, uninyime mimi, usimnyime huyo afisa aliyesemwa hapa. Huyo hayupo."

Tumwine alimtazama juu ya miwani.

"Marahaba. Huna adabu hata kidogo. Ila hicho ndicho nilichokuwa nasubiri kukisikia." Akatikisa simu. "Na huyu mkulima wako ana mbio za pikipiki! Nimekimbia, nimejificha, ananikamata tu. Amekula nini?"

"Niliweka makusudi, baba. Ukiwazuia ng'ombe mapema, hatoki kabisa."

"Makusudi! Evaresta, rudi hapa. Mfungulie huyu mwenye kiburi."

Cassian akachukua punje, akatafuna. Kikapu kikazunguka kwa wageni wote. Kilipofika kwa Rwezaura, Evaresta akarudisha mfuniko.

"Wewe subiri ofisi iwake."

Njia nzima ya kurudi Omurushaka, Rwezaura aliwasema vibaya watu wa Kaisho. Mzee mzima na gemu! Shangazi hana heshima! Cassian alikuwa anacheka na simu yake, anaongea na Joviness.

Nyumbani Rwezaura hakula. Alipanda kitandani akageukia ukutani. Kokushubira akafungua fundo la khanga, akatoa punje moja ya kahawa aliyoificha kule Kaisho, akamwekea kiganjani.

"Shika, afisa kabisa."

"Sitaki makombo."

Basi akazima taa. Baada ya muda akasikia kru, kru, mtu anatafuna polepole ili asisikike. Kokushubira akauma mto asicheke. Kutafuna kukakoma, mkoromo ukaanza, naye akavuta shuka upande wake, akalala.