Karatasi Niliyoinua

Nafasi ilikuwa moja: mkuu wa somo la Kifaransa. Miongoni mwa walioiomba tulikuwamo mimi na mume wangu, tukakubaliana kwa vicheko kwamba atakayekosa atapika mwezi mzima. Yeye hata chai humshinda, lakini basi.

Tuseme ukweli. Miaka kumi na mmoja tumefundisha madarasa yanayopakana, katikati dirisha la kioo. Akikwama, hukuna sikio. Mimi huandika jibu na kuliinua pale kiooni. Wanafunzi wake humwita Kamusi. Maneno ni yangu. Yeye ni jalada tu.

Siku ya usaili kila mwombaji alifundisha darasa moja mbele ya wakaguzi, sisi wengine tukikaa nyuma. Mume wangu alitangulia. Alianza na namna ya kusisitiza: c'est lui qui a gagné, yeye ndiye aliyeshinda. Sauti anayo, simnyimi haki yake. Kisha akaingia kwenye vivumishi vinavyobadilika mbele ya irabu: beau, yaani -zuri, huwa bel; vieux, yaani -zee, huwa vieil. Akaandika ubaoni: un bel homme, mwanamume mzuri.

Msichana wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, hilo neno si linaanza na h? Irabu iko wapi?"

Mume wangu akanitupia jicho. Akakuna sikio.

Haki ya Mungu sikufikiri. Mazoea yana tabu. Niliandika kwa herufi kubwa, "H haitamkwi, inasikika O", nikainua. Akasoma, akatabasamu, akaeleza kama aliyezaliwa nalo. Mkaguzi mkuu akageuka, akanikuta karatasi ingali juu.

"Mwalimu, umesaidiwa na karatasi hii?" akamuuliza.

Mume wangu alinitazama kama anayetazama mpita njia. "Hapana. Sijaiona."

Basi nikawa mimi niliyetaka kumvuruga mwenzangu. Niliondolewa kwenye usaili kabla sijashika chaki.

Jioni alirudi na barua ya kazi. Nilimuuliza jambo moja tu: kwa nini alinikana?

"Ningekubali, tungekosa wote, mke wangu. Si afadhali mmoja wetu amepata?"

Nilitafuta aibu usoni mwake, sikuiona hata chembe. Alikuwa amesimama mlangoni, anangoja pongezi. Nilitamani kumrushia ile barua usoni. Lakini watoto wetu walikuwa wanatutazama, wanacheka kwa furaha.

Nikampongeza.