Sabuni ya Unga

Mama alikuwa fundi cherehani, na kisa cha sabuni hakuwa akikisimulia ovyo. Siku aliyokisimulia, mezani kwake, walikuwa watatu tu: yeye, bintiye, na rafiki wa bintiye ambaye kazini walimwita Kicheko.

Enzi za kisa hicho mama alikuwa mgeni mjini, ametoka ng'ambo ya mpaka, amepata kazi za ndani. Kwenye pakiti ya sabuni alisoma neno moja alilolijua: unga. Akachemsha maji, akamimina, akakoroga. Povu likapanda hadi likazima jiko, na kabla ya saa sita alikuwa amefukuzwa. Miaka thelathini ilishapita. Mama, ambaye kila r kwake ni l, akamalizia: "Nikasema, unga wa mjini una halaka kweli!" Wakacheka hadi machozi.

Binti na Kicheko waliandika matangazo ya redio, bega kwa bega, mwaka wa nne sasa. Kicheko alimwita yule fundi mama, na gauni lake la harusi lilitoka kwenye cherehani ile.

Miezi miwili baadaye mama alikuwa dukani na wateja watatu, redio ikiwa rafuni. Likaja tangazo: yaya mwenye lafudhi ya kwao, povu, mwenye nyumba akiangua kicheko. "Unga wa mjini una halaka kweli!" Kisha sauti nyororo ikawaasa wasikilizaji wasiwe washamba. Wateja wakacheka. Mmoja akasema, fundi, huyu si wewe mtupu? Mama akacheka nao, angefanyaje?

Jioni alimuuliza binti swali moja: "Ulikubali wewe?" Binti akaapa kwamba hakujua. Mama akaikunja futi yake ya kupimia, polepole.

Kesho yake, binti alipomkabili kazini, Kicheko hakukana. Alisema ni utani tu, jina la mtu halikutajwa, na hata wewe ulicheka. Bosi wao naye akashangaa malalamiko yanatoka wapi, maana kila tangazo linaloigiza watu wa jamii fulani lazima lipitishwe na mmoja wao. Akatoa fomu. Jina la binti lilikuwepo, na sahihi pembeni. Mwandiko ulikuwa wa Kicheko.

"Siku ile hukuwa kazini," Kicheko alisema kwa sauti ya chini. "Nilijua usingekataa."

Binti aliipiga picha ile fomu, akaipeleka redioni pamoja na barua ya kurasa mbili. Tangazo liliondolewa siku ya tisa. Kampuni yao ikamwomba radhi "yeyote aliyeudhika". Kicheko alipewa onyo akabaki. Binti ndiye aliyeacha kazi, kwa kuwa hakuweza tena kukaa meza ile.

Alipomweleza mama habari za fomu, mama alisema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo yenyewe nilishona mimi."

Siku hizi dukani huchagua maneno. Hasemi rangi, husema kitambaa hiki, au hunyoosha kidole tu. Wateja wanadhani amechoka.

Jumapili moja, wakiosha vyombo, aliuliza, "Siku ile mlivyocheka, mlikuwa mnacheka pamoja nami?"

"Ndiyo, mama. Naapa."

"Wewe najua. Namuulizia yeye."

Binti akaendelea kusuuza sahani.