Jezi Chini ya Jezi

Asubuhi ile Mwongeli alipofika kwenye uwanja wa shule huko Gatuanyaga, Chege alikuwa ameshasimamisha hema lake, tena ubavuni kabisa mwa nafasi aliyopangiwa Mwongeli. Uwanja mzima ulikuwa mtupu. Angeweza kuliweka popote. Mwongeli alishusha magunia yake ya nguo kutoka kwenye tuktuk, akalitazama lile hema jeupe lililoandikwa MBIO SAFI kwa herufi kubwa kama la kanisa jipya, akasema, "Songa."

"Habari ya asubuhi, Mwongeli."

"Nimesema songa. Kamba zako zimeingia kwangu."

Chege alizitazama kamba zake kana kwamba ni mara ya kwanza kuziona. "Muulize Philip. Ni yeye alipima."

Philip ndiye aliyeandaa mashindano hayo ya baiskeli, na alikuwa mbali akihangaika na jenereta. Mwongeli hakumwita. Alifungua meza yake, akapanga jezi za kijani za Ngao, na alipopigilia kigingi cha hema lake alikipigilia juu ya kamba ya Chege.

Wawili hawa walikuwa wamefahamiana katika kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda la Thika. Mwongeli alikuwa akishona sampuli, Chege akitafuta wateja. Kiwanda kilipopunguza watu walitoka pamoja, wakakodi chumba Makongeni na kuanza kushona nguo za waendesha baiskeli. Watu waliwacheka. Nani atanunua kaptura yenye sponji matakoni kwa bei ya mbuzi? Lakini wanunuzi walikuwepo: mawakili, madaktari, wenye maduka ya jumla, wazee wa Ruiru waliotishwa na presha wakaamua kupanda baiskeli. Kila Jumamosi walitoka kwa makundi, wamevaa miwani ya kung'aa, na kila mmoja alitaka aonekane wa maana kuliko aliye mbele yake. Chapa ya Ngao ilizaliwa hapo. Kwa muda mrefu hakukuwa na nyingine.

Kisha Chege akaondoka. Aliaga Ijumaa kwamba anaenda kwa mazishi, na wiki iliyofuata akaonekana Mwihoko amefungua karakana yake, na mafundi wawili wa Mwongeli, na mitindo yote waliyobuni pamoja. Baada yake wakaja wengine kama siafu. Daktari wa meno wa Ruiru akawa na chapa. Mshonaji wa majoho ya kwaya akawa na chapa. Kijana fulani akawa anaagiza jezi kutoka China, anabandua lebo na kubandika jina la shosho yake mzaa mama. Wote waliahidi mambo yale yale, kwamba nguo inapumua, haipasuki, inakausha jasho. Na wote walisemana vibaya, wakiulizwa na wasipoulizwa.

Silaha ya Mwongeli katika vita hivyo ilikuwa Muli, mwana wa dada yake Mbinya. Muli alikuwa mpakiaji wa magunia katika kiwanda cha unga, na baada ya kazi alifanya mazoezi kwenye barabara za vumbi za Gatuanyaga alikozaliwa. Hakukuwa na mtu wa kumfikia kwenye mlima. Mwongeli alimvalisha toka kichwani hadi kwenye soksi, akambandika ukutani mwa karakana, akamweka kwenye kila tangazo. Wateja walipouliza kwa nini wanunue Ngao na si nyingine, aliwaonyesha picha ya Muli na kunyamaza.

Jua lilipopanda, kipaza sauti cha Philip kikatangaza kwamba Muli yuko mbele peke yake, amewaacha wenzake kwenye kilima cha mwisho. Mwongeli akageuka upande wa hema la jirani.

"Umesikia?"

"Nimesikia," Chege akasema. Akatabasamu, akachukua simu yake, akaenda kusimama kwenye mstari wa kumalizia.

Tabasamu lile lilimkera Mwongeli, lakini hakujua maana yake mpaka Muli alipotokea kwenye kona ya vibanda. Kijana aliachia usukani, akakaa wima kama wanavyofanya washindi, akashusha zipu ya jezi yake. Mwongeli alidhani ni joto. Muli akatoa mkono mmoja, akatoa wa pili, na ile jezi ya kijani akaiangusha kwenye vumbi jekundu la murramu. Ndani yake alikuwa amevaa jezi nyeupe, safi, haina hata chembe ya vumbi, imeandikwa MBIO SAFI kifuani. Alikuwa amevaa jezi mbili katika jua lile, tangu asubuhi, ili amalize na ile ya ndani. Simu zote zilikuwa zimeinuliwa. Aliyekuja wa pili aliikanyaga jezi ya Ngao kwa magurudumu yote mawili.

Mwongeli alifika jukwaani kabla medali haijafika.

"Kaptura ni yangu," alisema. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Philip, karibu naye, kikalipeleka neno lile uwanja mzima.

"Aunty, tutaongea nyumbani," Muli akamwambia kwa sauti ya chini.

"Nyumbani wapi? Umetupa changu mbele ya watu, hukungoja nyumbani. Kaptura ni yangu, soksi ni zangu, glavu ni zangu. Vua."

Watu wa nyuma wakaanza kucheka, kisha walipoona uso wake wakaacha. Mama mmoja akasema, "Madam, hiyo sasa hapana." Mwongeli hakumtazama. Muli alivua glavu akaziweka kwenye ubao wa jukwaa. Akavua viatu, akavua soksi. Halafu akashuka, akatembea pekupeku hadi kwenye hema la Chege, na alipotoka alikuwa amejifunga leso kiunoni. Alimletea kaptura imekunjwa vizuri, ikiwa bado na joto la mwili wake, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anayempa mgeni chakula.

Mbinya alikuwepo. Alikuwa ameleta uji wa mwanawe kwenye chupa ya chai. Alimtazama mdogo wake, akamshika Muli mkono wakaondoka.

Kufikia jioni video ilikuwa imezunguka kutoka Thika hadi Githurai. Walioitazama hawakumwona msaliti, walimwona mwanamke mzima akimvua nguo mtoto wa dada yake hadharani. Chege hakuchelewa. Aliweka tangazo lenye picha ya Muli katika jezi nyeupe, na maneno machache chini yake: Mbio Safi, hatumvui mtu nguo. Chama cha baiskeli cha Ruiru, kilichokuwa kimeagiza sare za wanachama wote kwa Mwongeli, kikahama. Kundi la wanawake wa Thika likahama pia. Mwenyekiti wao alimpigia simu, akaongea kwa upole mno, na upole huo ukamuuma kuliko matusi ya mtandaoni.

Mwongeli akajibu mapigo. Aliandika kwamba sponji ya kaptura za Chege ni ya magodoro, kwamba inaoza kwa jasho, kwamba kuna mtu Mwihoko imemtoa vidonda. Ulikuwa uongo. Ile sponji yeye mwenyewe ndiye aliyeichagua, siku wangali pamoja. Lakini uongo ulishika moto. Daktari wa meno akaongeza wake, akasema kaptura za wote wawili zina madhara. Mshonaji wa majoho akasema daktari wa meno anashonewa na wafungwa. Wateja wakasoma yote, na wengine wakaamua kuvaa tisheti tu.

Mwongeli alikaa na hasira hiyo mpaka ikaanza kumnyima usingizi, ndipo akapanda bodaboda kwenda Gatuanyaga kwa dada yake. Njiani alikuwa amepanga maneno. Angemwambia Muli kwamba Chege amemtumia, kwamba damu ni damu, kwamba arudi. Alimkuta Mbinya akilisha mbuzi, na dada yake hakumwonyesha pa kukaa. Muli alitoka ndani amevaa nguo za kazi.

"Alikupa nini?" Mwongeli akauliza. "Niambie tu. Alikupa nini ambacho mimi sikukupa?"

"Si kitu alinipa."

"Basi nilikukosea nini? Nimekuvalisha miaka yote. Hakuna mtu angekujua."

Muli akamtazama mama yake, kisha akasema, "Unakumbuka nilipoanguka kwa mteremko wa kule Ngoliba?"

"Nakumbuka. Nilikuja hospitali."

"Ulikuja. Nilikuwa nimevunjika mfupa wa bega, sijapewa hata dawa ya maumivu. Ukauliza jezi iko wapi. Ukaitafuta chini ya kitanda, ukaishika hivi kwa mwangaza, ukasema, asante Mungu haijapasuka. Ukaipiga picha. Jioni nikaona kwa simu: Muli ameanguka, Ngao haikupasuka. Watu wakaweka vicheko."

"Ilikuwa biashara, Muli. Wewe mwenyewe ulikuwa unajua tunapigana na watu wangapi."

"Najua. Chege alinitafuta baada ya hiyo picha. Nikamwambia angoje nipone."

Mwongeli alitaka kusema kitu cha kulainisha, lakini kilichotoka kinywani kilikuwa kingine. "Na wewe ukaona unilipe kwa kuniaibisha mbele ya dunia yote."

"Ndiyo," Muli akasema. "Niliona hivyo."

Mbinya akaweka chini ndoo. "Mwongeli, enda. Si leo tutaelewana." Akafungua geti, akasubiri. Mdogo wake alipopita hakumuaga.

Mvua zilikuja, zikaisha. Mwongeli alibaki na fundi mmoja na wateja wachache waliojali mshono kuliko maneno. Alibandua picha ya Muli ukutani, si kwa hasira, ila kwa sababu kila alipoinua macho kutoka kwenye cherehani aliliona lile bega.

Halafu habari zikamfikia kwamba Chege amemwacha Muli. Hakuwa amemfukuza, aliacha tu kumpigia. Alikuwa amempata Mitchell, binti wa Ruiru mwenye wafuasi wengi mtandaoni, ambaye hakuwa ameshiriki shindano lolote lakini alipendeza sana akiwa ameegemea baiskeli. Fundi wa Mwongeli alimletea habari hiyo akicheka, akitegemea bosi wake afurahi. Mwongeli mwenyewe alidhani angefurahi. Alitafuta furaha hiyo moyoni asiipate, akamwambia fundi arudi kazini.

Walikutana wote tena Ruiru, kwenye mashindano ya barabara za mtaa mpya ambao nyumba zake zilikuwa hazijapata wapangaji. Mahema yalikuwa mengi kuliko yale ya Gatuanyaga. Mwongeli alihesabu chapa ambazo hajawahi hata kuzisikia. Mitchell alikuwa akipigwa picha mbele ya hema jeupe. Muli alikuja peke yake kwa baiskeli kutoka nyumbani, amevaa jezi ya mpira wa miguu ya mitumba, imepauka, imelegea shingoni, ikipepea kwa upepo kama shuka iliyoanikwa. Kwa nguo ile na barabara tambarare isiyo na mlima alimaliza wa nne.

Hata hajashuka vizuri, wenye chapa walimzunguka. Daktari wa meno alikuwa na jezi mkononi. Yule kijana wa jezi za China alikuwa na mbili. Muli aliwasikiliza mmoja mmoja, akatikisa kichwa, akawaambia hivi iko sawa, asanteni. Wakatawanyika wakinung'unika kwamba anaringa.

Mwongeli aliondoka mezani kwake bila kubeba kitu. Alisimama mbali kidogo na baiskeli.

"Bega linakusumbua?"

Muli alikunywa maji kwanza. "Kukiwa na baridi."

"Nilifaa kukuuliza siku ile, hospitali."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza. Na siku ya Gatuanyaga pia nilikosa. Hata kama ulinikosea, vile nilifanya haikuwa sawa."

Muli alifunga chupa yake, akaifungua, akaifunga tena. "Nitamwambia mum umeniuliza," akasema. "Lakini usikuje nyumbani bado. Bado amekasirika sana."

"Na wewe?"

"Mimi pia."

Akapanda baiskeli akaenda zake, na Mwongeli akarudi kwenye hema lake, ambalo safari hii pia lilipakana na la Chege. Chege alikuwa ameona yote. Alisimama kwenye mpaka wa meza zao mikono mfukoni.

"Amekukataa, eeh? Pole. Hata hivyo ni mzee sasa, yule. Soko linataka sura."

"Toa kivuli chako kwa nguo zangu," Mwongeli akamwambia.

Bwana mmoja mnene, mgeni katika mambo ya baiskeli, alikuwa amesimama mbele yao akishika kaptura ya Ngao mkono mmoja na ya Mbio Safi mkono wa pili. Alikuwa amesoma mtandaoni, akamuuliza Mwongeli kama ni kweli sponji ya hawa wengine inaoza. Chege aligeuka polepole amsikie. Mwongeli alifungua kinywa. Maneno ya zamani yalikuwa yamejipanga tayari kwenye ulimi, na yangetoka bila shida.

"Si kweli," akasema. "Mimi ndiye niliandika, na nilidanganya. Sponji ni ile ile. Tuliichagua pamoja. Angalia tu ipi inakukaa vizuri."

Yule bwana alizipima tena, akajiwekea moja kiunoni, akajiwekea nyingine, akasema anapenda ile nyeupe. Akaenda kulipa upande wa pili. Chege hakusema asante, wala hakutazama tena upande ule. Alipokea, akafunga mfuko, akamwita Mitchell aje apige picha na mteja. Mwongeli aliikunja kaptura iliyobaki akairudisha kwenye fungu lake. Alimchukia Chege kama alivyomchukia asubuhi, na alijua ataendelea kumchukia kesho. Akainama, akafungua gunia jingine, akaendelea kupanga.